UZI: Kidonge kinachosubiri kufika utumbo mpana ndipo kitoe dawa. Kinatengenezwaje, na kwa nini kinashindikana mara nyingi?

Tembe Ngumu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naona maswali mengi kuhusu vidonge vya "meza kizima, usitafune, usivunje", na wengi wanadhani ni ukali tu wa mfamasia. Leo nataka tuchambue kundi moja la vidonge hivyo: vile vinavyotakiwa kupita tumboni, vipite utumbo mwembamba wote, vifike utumbo mpana, na huko ndiko vifunguke. Mimi nipo upande wa kuunda dawa, si wa kutibu. Mwenye swali la ugonjwa wake amwone daktari wake.

Kwanza, kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Dawa ya kumeza ya kawaida huyeyuka mapema, hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba na kuingia kwenye damu. Kama unatibu kichwa, safi kabisa. Lakini mchukulie mgonjwa wa kolaitisi ya vidonda, ambaye ukuta wa ndani wa utumbo wake mpana umevimba na kuchubuka. Dawa anayoanzishiwa mara nyingi ni mesalazini, nayo hufanya kazi kwa kuugusa ukuta huo kutokea ndani ya utumbo. Ukimpa mesalazini tupu isiyo na ganda, sehemu kubwa itafyonzwa huko juu, itabadilishwa na kutolewa kwa mkojo, na kwenye kidonda yatafika makombo. Budesonidi nayo ina sababu yake. Ni steroidi, na ini huivunja takriban asilimia 90 ya ile inayofyonzwa kabla haijazunguka mwilini. Ukiishusha pale pale penye uvimbe, inatuliza uvimbe na mwili mzima haupati ile adha ya steroidi za kawaida.

Sasa tuangalie njia yenyewe. Tumboni bila chakula pH (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo asidi ni kali, 7 ni katikati) ni kama 1 hadi 3. Mwanzo wa utumbo mwembamba iko karibu 6, na inapanda kidogo kidogo hadi mwisho wake inafika 7.4 au zaidi kidogo. Halafu kuna jambo ambalo michoro mingi ya vitabuni hailitilii mkazo: kidonge kikivuka vali na kuingia utumbo mpana, pH *inashuka* tena, hadi 6.4 au chini ya hapo. Bakteria wa pale wanachachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi. Baadaye inapanda polepole kuelekea 7. Kwa hiyo kama umepanga ganda lako liyeyuke kwenye 7, dirisha lako ni ile sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Likikosa kuyeyuka hapo, linaingia mahali ambapo pH imeshashuka.

Muda nao una mambo yake. Tumbo tupu linaweza kukiachia kidonge ndani ya saa 2, lakini mtu akiwa ameshiba, kidonge kikubwa kinaweza kukaa tumboni saa nyingi mno. Utumbo mwembamba ndio wenye nidhamu: saa 3 hadi 4 hivi kwa watu wengi. Utumbo mpana unaweza kukishikilia siku nzima na zaidi, na watu wanatofautiana sana.

Na maji. Hili watu hulisahau. Kipimo kimoja cha MRI kilichochapishwa 2005 kilikuta wastani wa mililita 105 za maji huru kwenye utumbo mwembamba wa watu wenye njaa, na mililita 13 tu kwenye utumbo mpana. Dawa yako ngumu kuyeyuka inatakiwa iyeyukie kwenye hizo 13, tena ziko vidimbwi vidimbwi.

Nitaendelea. Maswali ruksa.

---

Mpita Njia

Naweka kambi hapa. Madini matupu.

---

Kisomo Bado

Mkuu Tembe, swali la kizushi. Mbona vankomaisini ya kumeza inatibu maambukizi ya utumbo mpana na haina ganda lolote la ajabu?

---

Tembe Ngumu

@Kisomo Bado hilo si la kizushi hata kidogo, na natamani lingekuwa swali la kwanza kwenye kila kikao cha kuunda dawa. Vankomaisini ni molekuli kubwa, haifyonzwi kwa kiasi cha maana, na asidi haiiharibu. Inasafiri yenyewe mpaka chini. Hivyo kabla hujagusa polima yoyote (kemikali ya kutengenezea ganda), jiulize: dawa yangu ikiachwa huru, itapotelea wapi? Ikiwa jibu ni "haipotei", funga daftari, nenda nyumbani.

Kuna dawa nyingine iliyojibeba yenyewe, na historia yake inafurahisha. Mwishoni mwa miaka ya 1930 daktari wa Uswidi, Nanna Svartz, alikuwa anatafuta dawa ya baridi yabisi. Wakati ule wengi waliamini ugonjwa huo una mkono wa bakteria, basi wazo lilikuwa kuunganisha dawa ya salfa ya kuua bakteria na salisaleti ya kutuliza uvimbe, kitu kimoja. Zilifungwa pamoja kwa kifungo cha azo, yaani atomu mbili za nitrojeni katikati. Ndiyo salfasalazini. Walipoijaribu, wagonjwa wenye kolaitisi walipata nafuu kubwa, na taarifa zikachapishwa 1942.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Kifungo cha azo hakivunjwi na asidi ya tumbo wala na vimeng'enya vyetu. Kinavunjwa na bakteria wa utumbo mpana. Salfasalazini nyingi inashuka nzima, inafika kwa bakteria, inakatwa katikati: upande mmoja salfapiridini, upande mwingine mesalazini. Hakuna aliyekaa mezani akapanga "tuifikishe utumbo mpana". Molekuli ndiyo iliyokuwa gari.

Lakini kipande kipi kinatibu? Jibu lilikuja 1977, Azad Khan, Piris na Truelove kule Oxford. Waliwapa wagonjwa kila kimoja peke yake kwa njia ya haja kubwa: salfasalazini nzima, salfapiridini, mesalazini. Salfapiridini haikufua dafu. Mesalazini ilifanya kazi. Na salfapiridini ndiyo iliyokuwa ikileta sehemu kubwa ya madhara, kichefuchefu, kichwa kuuma na mengineyo. Yaani kwa miaka 30 na zaidi wagonjwa walikuwa wanabeba mzigo wa mbebaji.

Baada ya hapo mbio zikaanza za kumtupa mbebaji. Wengine walibaki na azo: olsalazini ni mesalazini mbili zilizofungwa pamoja (ujanja mzuri, ila yenyewe inaweza kuleta kuhara kwa sababu inachochea utumbo mwembamba kutoa maji), na balsalazidi ilipewa mbebaji mwingine mpole. Wengine wakaachana na kemia ya molekuli, wakaenda kwenye ganda.

---

Binti Maabara

Nafuatilia kaka Tembe, ila naona unaelekea kulisema vibaya ganda la pH. Mimi ni mtu wa kupaka maganda, nalitetea. Kuna polima za ganda ziitwazo Eudragit: Eudragit L inafunguka kwenye pH 6, Eudragit S kwenye 7, L 100-55 kwenye 5.5. Chagua, changanya kwa uwiano unaotaka, nyunyiza, kausha, kazi imeisha. Dawa za mesalazini zenye Eudragit S zimetumika miongo mingi na wagonjwa wanapona. Haya ya bakteria ni matamu kwenye makala za utafiti, kiwandani ni kizunguzungu.

---

Tembe Ngumu

Dada Binti, karibu. Sibishi kwamba zinatibu. Nabishana na neno "kazi imeisha".

Polima hizo ni asidi. Kwenye asidi vikundi vyake vya kaboksili (sehemu za molekuli zenye tabia ya asidi) vinabaki vimejifunga, filamu haiguswi na maji. pH ikipanda, vinaachia hidrojeni, polima inapata chaji, inayeyuka. S ina kaboksili chache kuliko L (kwa L ni kaboksili 1 kwa esta 1, kwa S ni 1 kwa 2), ndiyo maana inasubiri pH ya juu zaidi. Mpaka hapo tuko pamoja.

Tatizo la kwanza: si kila mtu anafika 7, na anayefika huenda anakaa hapo kwa muda mfupi. Filamu haiangalii kilele cha pH peke yake, inahitaji dakika za kutosha juu ya kiwango chake. Wamepimwa watu wazima wenye afya kwa kamera ya gamma, vidonge vimefunikwa S na kuwekewa chembe ya mionzi ili vionekane, na kuna ambao kidonge kilipita njia nzima kikatoka bila kufunguka.

Tatizo la pili: hao ni wenye afya. Kwa mgonjwa mwenye kolaitisi kali, kuna vipimo vya kapsuli zenye kisambazaji cha redio vilivyokuta pH ya utumbo mpana chini ya 5. Yaani siku anayoihitaji dawa zaidi ndiyo siku ambayo ufunguo wa ganda unaweza kukosekana. Weka na kuhara juu yake, kidonge kinapita mbio.

La tatu, ukishusha kiwango uende kwa L ili uwe na uhakika wa kufunguka, unafungua mapema mno katikati ya utumbo mwembamba, na dawa inafyonzwa huko.

---

Msafiri wa Usiku

Samahanini wataalamu, mimi si wa fani. Natumia dawa ya aina hii na nimeona kidonge kizima chooni zaidi ya mara moja. Je, nilikuwa nameza hewa?

---

Tembe Ngumu

Pole ndugu yangu. Kuna mawili. Baadhi ya vidonge hivi huacha gamba tu: dawa imeshatoka, umbo limebaki, ukikibonyeza ni laini au kina uwazi ndani. Vingine kweli hutoka na dawa yake. Kwa macho si rahisi kutofautisha. Ikitokea mara moja moja si ajabu, lakini ikijirudia mwambie daktari wako, kwa maneno hayo hayo uliyotuandikia, maana anaweza kukubadilishia muundo wa dawa bila kubadilisha dawa yenyewe. Usikivunje ili "kukisaidia". Ukikivunja, dawa yote inamwagika tumboni na unarudi kwenye yale makombo niliyoyasema mwanzo.

Na kama unatumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo, mtajie pia. Kuna maganda yanayoweza kufunguka kabla ya wakati tumbo likipoteza ukali wake.

---

Msafiri wa Usiku

Asante sana mtaalamu. Nilikuwa naona aibu kumwambia.

---

Binti Maabara

Hapo kwa Msafiri umejibu vizuri. Ila turudi kwenye hoja. Kama pH haiaminiki, muda je? Utumbo mwembamba umesema una nidhamu, saa 3 hadi 4. Weka ganda la asidi nje, ndani yake tabaka linalovimba na kuchelewesha saa 4 tangu kidonge kitoke tumboni. Hutegemei pH 7 wala bakteria.

---

Tembe Ngumu

Nakubali kwamba hiyo ndiyo njia bora ya kutumia muda: anza kuhesabu baada ya tumbo, si baada ya kumeza. Wanaohesabu tangu kumeza wanapigwa na mlo mmoja tu mzito. Pulsincap ilikuwa mfano maarufu, kapsuli isiyoyeyuka yenye kizibo cha hidrojeli kinachovimba na kusukumwa nje baada ya muda uliopangwa. Inapendeza kuitazama kwenye maji. Ila saa 4 ni wastani wa watu, na kidonge kimoja kikubwa kinaweza kukwama mbele ya vali ya kuingilia utumbo mpana kikisubiri mkondo wa kukisukuma. Saa yako inaendelea kuhesabu, kidonge hakijavuka.

Kuna pia teknolojia iitwayo MMX, inayotumika kwa mesalazini ya gramu 1.2 na budesonidi ya miligramu 9. Nje kuna ganda la pH 7, na ndani dawa imetandazwa kwenye mchanganyiko wa vitu vinavyopenda mafuta na vinavyopenda maji, ili ganda likifunguka dawa isimwagike bali itoke polepole utumbo mpana mzima, hadi upande wa kushoto. Ndani ni werevu mtupu. Mlango wa nje ni ule ule wa pH.

Kuna nyingine inayotumia chembechembe zilizofunikwa ethaili selulosi, haisubiri chochote, inaanza kutoa dawa tangu mwanzo wa utumbo mwembamba na kuendelea hadi mwisho. Kwa ugonjwa wa utumbo mpana peke yake mimi naiona ni kumwaga mali njiani, lakini kwa mtu ambaye uvimbe wake uko na juu pia, ina maana.

---

Kisomo Bado

Basi tuambie hao bakteria. Naona ndiko unakotupeleka tangu mwanzo.

---

Tembe Ngumu

Ndiko. Tumboni bakteria ni wachache mno. Utumbo mpana una bilioni 100 hadi trilioni 1 kwa kila gramu ya kilichomo. Hakuna kipimo kingine kwenye njia yote ya chakula kinachobadilika kwa kiasi hicho ghafla mahali pamoja. pH inabadilika kwa namba moja au nusu. Bakteria wanaongezeka maelfu ya mara ukivuka vali. Kama unataka kidonge kijue kimefika, hii ndiyo alama iliyo wazi kuliko zote.

Chakula chao ni nyuzinyuzi ambazo vimeng'enya vyetu haviwezi kuzikata: pektini, gundi ya guar, inulini, kitosani, na amilosi ile isiyomeng'enywa. Funika kidonge kwa mojawapo, bakteria watakula njia ya kuingia. Kwenye karatasi imekwisha.

Ukweli wa benchi ni mwingine. Pektini na guar zinavimba na kuyeyuka kwenye maji kabla hata ya kufika. Unaweza kuifunga pektini kwa kalsiamu ikawa ngumu zaidi, lakini ukizidisha, bakteria nao wanachelewa kuila. Kitosani inayeyuka kwenye asidi, kwa hiyo nayo inahitaji ganda la kuilinda na tumbo. Filamu ya nyuzinyuzi peke yake haikai. Ndipo watu wakachanganya: polima isiyoyeyuka inashika umbo, nyuzinyuzi zimetawanyika ndani yake kama vituo vya bakteria kutobolea.

Mchanganyiko ninaoupenda mimi ni wa Eudragit S na wanga sugu (wanga ambao vimeng'enya vyetu haviukati) kwenye filamu moja, ulioendelezwa na watu wa shule ya famasia ya chuo kikuu cha UCL, London. pH ikifika 7, S inayeyuka. Isipofika, bakteria wanaushughulikia wanga, filamu inatoboka. Milango miwili, kila mmoja unatosha peke yake. Haukuishia kwenye makala: kuna kidonge cha mesalazini cha miligramu 1600 kinachotumia wazo hilo, na kimeongezewa tabaka la ndani lenye alkali. Maji kidogo yakipenya, tabaka la ndani linayeyuka kwanza na kulishambulia ganda la nje kutokea ndani. Dada Binti, hiki kipo sokoni, kinatoka kiwandani.

Kuna na teknolojia iitwayo CODES, nayo lazima niitaje kwa uzuri wa wazo. Ndani mwa kidonge wanaweka laktulosi, sukari ambayo vimeng'enya vyetu haviikati. Ganda la nje kabisa linalinda tumboni, linayeyuka kwenye utumbo mwembamba. La ndani ni la Eudragit E, ambalo kinyume na mengine linayeyuka kwenye *asidi*. Kidonge kikifika utumbo mpana, laktulosi inavuja kidogo, bakteria wanaichachusha, asidi inazaliwa papo hapo, ganda linayeyuka. Bakteria wamejitengenezea ufunguo.

---

Binti Maabara

Na mgonjwa aliyetoka kumaliza dozi ya antibiotiki? Bakteria wako wamelala.

---

Tembe Ngumu

Swali la haki. Antibiotiki zimeonekana kupunguza kukatwa kwa salfasalazini, hilo linajulikana. Ndiyo maana sitetei bakteria peke yao. Natetea milango miwili. Mtu aliyekosa pH na bakteria kwa siku moja, huyo kweli ana bahati mbaya.

---

Mpita Njia

Hii ligi ya Binti na Tembe iendelee, mimi nina karanga zangu hapa.

---

Mwana Famasia

Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa mwisho, mradi wangu ni kidonge cha mesalazini cha kufika utumbo mpana. Nimepaka Eudragit S. Kwenye asidi saa 2 hakitoi kitu, kwenye bafa ya fosfeti (maji ya maabara yanayoshikilia pH isibadilike) ya pH 7.4 kinatoa chote ndani ya saa moja. Msimamizi amefurahi. Naomba ushauri.

---

Tembe Ngumu

Marahaba. Nisikuharibie furaha, ila hiyo fosfeti inakudanganya.

Filamu ikiyeyuka inaachia hidrojeni pale pale kwenye uso wake. Lazima kitu kizibebe hidrojeni hizo, la sivyo uso wa filamu unabaki na asidi kuliko maji yanayouzunguka, na kuyeyuka kunadorora. Bafa ya fosfeti ya maabara ina uwezo mkubwa wa kuzibeba kuliko maji ya utumbo. Utumbo unatumia bikaboneti, tena hafifu. Weka kidonge hicho hicho kwenye bafa ya bikaboneti ya pH 7.4, uipulizie kaboni dioksidi ili pH isipande, kisha kaa ukiangalie. Usiondoke ukamwachia mashine. Utaona filamu inabadilika kuwa nyeupe nyeupe, inavimba, inakaa hivyo muda mrefu kuliko ulivyozoea, halafu inaachia, mara nyingi pembeni kwenye ukingo wa kidonge kabla ya usoni. Linganisha grafu zako mbili. Nina uhakika hazitafanana.

---

Binti Maabara

Hapa kwenye ukingo niachieni mimi. Mwanangu, kidonge chako ni bapa au kimebinuka?

---

Mwana Famasia

Bapa, mama. Na kina nembo ya chuo katikati, imechongwa.

---

Binti Maabara

Basi tatizo ninaliona kutoka huku. Kidonge bapa kina kona kali. Vikizunguka ndani ya pipa la kupakia vinagongana konani, filamu inakuwa nyembamba pale, wakati mwingine inakwanguka. Na mtaro wa nembo filamu inaupita juu kama daraja, haishiki chini. Chukua ngumi na dai (vyuma vya kubonyezea kidonge) zilizobinuka, ondoa nembo. Halafu pima filamu kwa miligramu za polima kwa kila sentimita ya mraba ya uso, usipime kwa asilimia ya uzito ulioongezeka, maana ukibadilisha ukubwa wa kidonge asilimia ile ile inakupa unene tofauti. Anzia kama 5, kisha panda na ushuke uone.

Umeyeyusha S kwenye nini?

---

Mwana Famasia

Maji, mama. Na amonia kidogo, kama ilivyoelekezwa.

---

Binti Maabara

Sawa. Jua kwamba amonia imeshafungua sehemu ya kaboksili, kwa hiyo filamu yako inaanza kuyeyuka mapema kuliko ile ya S iliyoyeyushwa kwenye alkoholi. Na ya maji inahitaji kilainishi kingi, triethili sitreti hata nusu ya uzito wa polima, la sivyo filamu inapasuka ikikauka. Si jina moja "Eudragit S" basi tabia moja. Namna ulivyopaka ni sehemu ya dawa.

Unaona kaka Tembe, unavilaumu vilivyofeli kwa ajili ya pH. Baadhi vilifelishwa na mpakaji.

---

Tembe Ngumu

Hilo nakuachia lote, dada. Mimi nilitaka tu asiamini fosfeti.

---

Kisomo Bado

Na kuwajaribia panya kabla ya watu?

---

Tembe Ngumu

Panya huwezi kumezesha kidonge cha mtu mzima, na pH ya tumbo lake si ya kwetu. Mbwa anameza kidonge, lakini pH ya utumbo wake mwembamba na mwendo wake vinatofautiana na vyetu vya kutosha kukupa matumaini ya uongo. Kwa upande wa bakteria, bora kinyesi cha binadamu kilichochanganywa na bafa ndani ya chumba kisicho na oksijeni. Hakipendezi, harufu yake utaizoea, lakini kinasema ukweli. Ukitaka njia rahisi kwa mtu hai, mpe salfasalazini pamoja na kidonge chako: salfapiridini ikianza kuonekana kwenye damu ujue kilichomo kimefika kwa bakteria. Picha kamili ni kamera ya gamma na tekinetiamu-99m (chembe ya mionzi), inayokuonyesha kidonge kiko wapi kilipofunguka.

---

Shaha wa Mtandao

Kama utumbo mpana hauna vimeng'enya vikali vya kuvunja protini, kwa nini insulini ya kumeza isipitie huko tukaachana na sindano?

---

Tembe Ngumu

Wazo limefukuzwa miaka mingi. Ni kweli protini hushambuliwa kidogo zaidi kule kuliko juu. Lakini utumbo mpana hauna vile vinyweleo vinavyotanua uso wa utumbo mwembamba, seli zake zimebanana zaidi, kuna ute mzito, na zile mililita 13. Molekuli kubwa kama insulini haipiti ukuta huo bila msaada, na msaada wenyewe ni kemikali za kulegeza ukuta, ambazo hutaki zilegeze kila siku maisha yote mbele ya bakteria trilioni. Halafu insulini inataka kiasi kamili kwa wakati kamili, na huku tunazungumzia mahali ambapo hata saa ya kufika haijulikani. Kwa dawa ya kufanya kazi pale pale ukutani, utumbo mpana ni mzuri. Mfano mzuri wa karibuni ni antibiotiki ya rifamaisini iliyofungwa kwa MMX, iliyoruhusiwa Marekani 2018 kwa kuhara kwa wasafiri. Haihitaji kuingia kwenye damu.

---

Mwana Famasia

Wakubwa nimeandika yote. Mnanishauri nibaki na kidonge kimoja au niende kwenye punje ndogo ndani ya kapsuli?

---

Tembe Ngumu

Inategemea kidonda kiko wapi, na hilo ulipaswa kuniambia kabla ya polima. Punje chini ya milimita 2 zinapita tumboni hata pamoja na chakula, zinasambaa, hazikwami zote mbele ya vali, na kama moja ikifeli haufeli wote. Ila uso wake wa kufunika ni mkubwa, polima itakula nafasi, na mesalazini ni dawa ya gramu, si ya miligramu chache. Kapsuli zako zitakuwa nyingi au kubwa. Kwa budesonidi ningekuambia punje bila kufikiri. Kwa mesalazini ya mradi wa mwaka mmoja, baki na kidonge, kibinue, paka filamu mbili kwa wakati tofauti: kundi moja S tupu, kundi la pili S na wanga sugu. Pima yote mawili kwenye bikaboneti ya 7.4, kisha kwenye bikaboneti ya 6.8, kisha 6.8 yenye bakteria. Kundi la kwanza likikataa kufunguka kwenye 6.8 na la pili likafunguka kwa bakteria tu, una tasnifu.

---

Binti Maabara

Na uweke kundi la tatu: S iliyopakwa na mtu anayejua kupaka. Njoo PM nikupe mpangilio wa joto na kasi ya kunyunyiza.

---

Mwana Famasia

Asante mama. Nakuja PM sasa hivi. Nembo nimeshaitoa, msimamizi amenuna.